Kifaransa cha Kuchomoa na Kuchomeka

Kitabu nilichosomea Kifaransa hapa Marseille kina sura ya kununua mkate, sura ya duka la dawa, sura ya kufuata makaratasi préfecture, ile ofisi ya serikali, na sura ndefu kupita zote ya familia moja inayokwenda kupumzika milimani. Hakina hata sentensi moja ya kumwambia bibi wa miaka themanini na kitu achomoe waya upi nyuma ya televisheni. Na kazi yangu imekuwa hiyo. Kwenye mkataba haimo. Mkataba unasema mimi ni auxiliaire de vie, nawasaidia wazee majumbani mwao kuoga, kuvaa, kupika, kwenda sokoni na kwa daktari. Lakini ukiwa wewe ndiye mtu pekee wa chini ya miaka sabini anayeingia nyumba ile wiki nzima, basi fundi ni wewe. Hukuomba wala hukusomea, umeshateuliwa.

Kwa wasionijua: mimi mtu wa Unguja, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo, nikaolewa na Mngazija. Wangazija wakitoka kwao njia yao ni Marseille, kama sisi tunavyopanda boti kwenda Dar. Mtu angedhani kuolewa na mwenye Kifaransa kungenirahisishia, kumbe ndiko kulikonichelewesha. Shingazidja na Kiswahili ni watoto wa ndugu, mimi na mume wangu tukawa tunaelewana bila kutia neno la Kifaransa kati yetu. Kifaransa changu nimekipata kwa wazee, magoti yangu yakiwa sakafuni, kichwa nyuma ya kabati la televisheni.

Wengi wakitaka kujifunza maneno ya vifaa vya nyumbani huanza na majina: l'ordinateur (kompyuta), l'écran (skrini), le clavier (kibodi), la souris (kipanya), l'imprimante (printa). Yajue, hayana ubaya. Ila majina hayatengenezi kitu, na mengi yameandikwa kwenye kifaa chenyewe au unaweza kuyaonyesha kwa kidole. Mimi nasema anza na maswali. Na kabla ya maswali, zoeza sikio, kwa sababu mgonjwa wako hasemi Kifaransa cha kitabuni.

Kitabu kinasema "Cela ne fonctionne pas." Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo nyumbani kwake. Wanasema "Ça marche plus", ile "ne" imemezwa, na s ya mwisho wa "plus" haitamkwi. Maana yake kilikuwa kinafanya kazi, sasa hakifanyi. Kuna jozi nyingine ambayo ukiichanganya utatibu ugonjwa usiokuwepo. "Ça marche toujours pas" ni kwamba bado hakifanyi kazi, kimekufa tangu asubuhi. "Ça marche pas toujours" ni kwamba mara kinafanya, mara hakifanyi. La kwanza ninakwenda moja kwa moja kwenye umeme na waya. La pili ninaangalia kama waya umelegea, au kama mzee mwenyewe anatumia tabuleti chumbani mwisho wa ukumbi, kuta tatu nene kutoka kwenye Wi-Fi. Nyumba za zamani za mtaa wa Cinq-Avenues zina kuta ambazo Wi-Fi inazipita kwa taabu.

Halafu ipo sentensi ya wote, matajiri kwa maskini: "J'ai touché à rien!" Sikugusa kitu. Dada yake ni "Ça s'est fait tout seul", imejifanya yenyewe. Usibishe. Usiulize amegusa nini, hata kama rimoti iko chini ya makalio yake. Jibu ni "C'est pas grave, on va regarder ensemble." Si neno, tutazame pamoja. Sentensi hiyo iwe ya kwanza kwenye daftari lako, kwa sababu mzee aliyeudhika hatakwambia ukweli, na bila ukweli wake utahangaika mpaka jioni.

Sasa maswali. Ninayotumia kila wiki hayazidi vidole vya mkono: "C'est depuis quand?" Tangu lini? "Ça marchait hier?" Jana kilikuwa kinafanya kazi? "Qu'est-ce qui s'affiche?" Kioo kinaonyesha nini? Na lile linalonifaa kuliko yote: "Le voyant, il est de quelle couleur? Il clignote ou il est fixe?" Kitaa kina rangi gani, kinawaka na kuzima au kimetulia?

Niseme kidogo kuhusu kisanduku chenye kitaa hicho, "la box". Ufaransa intaneti, simu ya mezani na televisheni kwa kawaida huingia nyumbani kupitia kisanduku kimoja. Freebox ilipotoka mwaka 2002 ilifungua njia, kampuni nyingine zikafuata na majina ya namna hiyo, na leo kila mtu anasema "la box" tu, yoyote iwayo. Ndiyo maana mzee akikupigia kuwa vitu vitatu vimekufa kwa pamoja, usiogope vitu vitatu. Uliza kitaa. Kama hakuna taa hata moja, ni umeme: "Elle est bien branchée?" Imechomekwa sawasawa? Na hapo mara nyingi utagundua kwamba ametaka kupiga pasi, akachomoa "kitu kile cheusi" ili apate nafasi ukutani.

Kama taa zipo lakini zina hasira, dawa ni moja na inasemwa kwa mdundo: "On débranche, on attend trente secondes, on rebranche." Tunachomoa, tunasubiri sekunde thelathini, tunachomeka. Zile sekunde si ushirikina. Ndani ya kifaa mna umeme uliohifadhiwa kidogo, na usipouacha uishe kinaweza kuamka na fikra zake zilezile mbovu. Baada ya kuchomeka kuna dakika kadhaa za box kuamka, na dakika hizo ndizo ngumu, maana mzee ameshika tabuleti na kila pumzi anasema "toujours pas." Hapo una "Patience, ça vient." Subira, inakuja. Mimi huwa nakwenda kuosha vyombo.

Tazama sikusema "Débranchez!" Darasani walinifundisha amri: appuyez (bonyeza), cliquez (bofya), débranchez (chomoa). Kisarufi ziko sawa. Mwambie hivyo mama aliyekuwa mwalimu mkuu maisha yake yote uone atakavyokutazama juu ya miwani. Wafaransa wanailainisha amri kwa "on": on appuie ici, tunabonyeza hapa, ingawa anayebonyeza ni yeye peke yake. Au kwa wakati ujao: "Vous allez appuyer sur le bouton, tout doucement, voilà", utabonyeza kitufe, polepole, haya. Kwetu pia humwambii mtu mzima "bonyeza!" Unamwambia "hebu bonyeza hapo, bibi". Tofauti ni kwamba hapa "bibi" huna. Una "Madame" na "vous", na hivyo viwili vinabeba heshima yote. Wao wananiita "ma belle" na "ma petite", lakini nimejifunza kutorudisha. "Vous" hadi mlangoni.

Na kabla hujagusa simu ya mtu: "Vous permettez?" Unaniruhusu? Ni hodi ya vifaa. Simu ya mzee ina picha za marehemu mumewe, meseji za watoto wanaomtafuta na wasiomtafuta. Usiipokonye mkononi mwake hata kama unajua jibu, mwache ashike mwenyewe na wewe uongoze.

Hapo kwenye kuongoza ndipo nilipopata shida kweli, kwa sababu mara nyingi ninaongoza kwa simu, nikiwa ndani ya tramu, siioni skrini. Mzee hasemi "icône des paramètres", alama ya mipangilio. Anasema anachokiona. La petite maison, kijumba. La loupe, kioo cha kukuzia. L'enveloppe, bahasha. Le petit cadenas, kikufuli. La roue dentée, yaani lile gurudumu lenye meno. Les trois petits points, nukta tatu. La petite croix, kimsalaba cha kufungia dirisha. La flèche, mshale. Nilikaa nikaandika maumbo yote ninayoyaona kwenye simu yangu na jina la kila moja kwa Kifaransa cha mtoto wa darasa la pili, na ukurasa huo mmoja ukanifaa kuliko mwaka wa masomo. Ukiongeza "en haut à droite", juu kulia, na "en bas à gauche", chini kushoto, unaweza kumfikisha mtu popote. "Tout en haut, à droite, vous avez trois petits points? On appuie dessus."

Na simu yenyewe niliigeuza lugha ikawa ya Kifaransa. Siku za mwanzo niliteseka. Lakini menyu ni mwalimu asiyechoka, neno lilelile mahali palepale kila siku: Valider (thibitisha), Annuler (ghairi), Ignorer (puuza), Plus tard (baadaye), Mode avion (hali ya ndege), Ne pas déranger (usisumbue). Nikaona kwamba simu za Android zinaandika "Paramètres" na iPhone inaandika "Réglages", kitu kilekile, mipangilio. Ukimwelekeza mtu wa iPhone atafute Paramètres atatafuta mpaka Magharibi. Ndiyo maana siku hizi nauliza kwanza "C'est quoi, comme téléphone?", ni simu ya aina gani? Hilo la "Ne pas déranger" nalo ulishike, na "mode silencieux" pia. Mzee akisema "Il sonne plus, mon téléphone, plus personne ne m'appelle", simu yangu hailii tena, hakuna anayenipigia, kabla hujamhurumia kwa upweke tazama kama simu yenyewe haikunyamazishwa.

Mwalimu wangu mwingine ni mwenzangu wa kazini, mama kutoka Bukavu, Kongo. Tulikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikasikia Kiswahili, nikaruka. Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa hata hajui mpaka uko wapi. Kwake umeme ni courant, kioo cha simu ni écran, na kompyuta ikigoma "ina-bloquer". Mimi niliyezoea chaja, skrini na paswedi, maneno ya Waingereza tuliyoyavisha kanzu, nilikuwa nacheka. Kisha nikaona napata darasa la bure: maneno yote ya ufundi wa nyumbani kwa Kifaransa, yamebebwa na sarufi ya kwetu. Akisema "mu-débrancher kwanza", sihitaji kamusi.

Tuje kwenye tarakimu, ambazo ni msiba. Sisi tukitaja namba ya simu tunakwenda tarakimu mojamoja au namna tunavyopenda. Wafaransa wanazitaja mbilimbili, na tangu namba zilipokuwa za tarakimu kumi mwaka 1996 kila namba ni jozi tano. Namba ya mezani ya Marseille niliyozoea kuisikia inaanza "zéro quatre, quatre-vingt-onze". Mkono wa mgeni unaandika 4, unasikia vingt unaandika 20, unasikia onze unaandika 11, na mwenzako ameshafika jozi ya nne. Kumbe quatre-vingt-onze ni 91, ishirini mara nne kujumlisha kumi na moja, hesabu ya gengeni. Kwenye namba ya simu unaweza kurudia. Kwenye msimbo wa meseji, ule wa tarakimu sita unaokwisha muda wake huku mzee anatafuta miwani, huna nafasi. Sentensi iliyoniokoa ni "Chiffre par chiffre, s'il vous plaît." Tarakimu mojamoja, tafadhali. Hakuna anayekataa. Hata wao wanapumua.

Herufi nazo zina vituko. G inaitwa "zhe" na J inaitwa "zhi", kinyume cha ulivyozoea ukisoma Kiingereza. Y ni "i grec", W ni "double vé". Na E, ambayo kwetu ndiyo herufi isiyo na matata, wao wanaitamka kwa mdomo wa mtu anayepuliza chai. Ufunguo wa Wi-Fi umeandikwa kwenye karatasi chini ya box, mwandiko wa sisimizi, na mzee anausoma huku umeinua simu ya mjukuu. Jifunze kutumia majina: A comme Anatole, B comme Berthe, G comme Gaston, J comme Joseph, I comme Irma. Ni orodha ya zamani ya watu wa simu, na wazee wanaijua wote. Ukisema "G comme Gaston" wanatabasamu, na ghafla wewe si mgeni tena. Usisahau "majuscule" na "minuscule", kubwa na ndogo, maana Wi-Fi haisamehe.

Kibodi ya Kifaransa ni AZERTY, A iko mahali pa Q, na kuna lugha nzima ya kutaja alama zake. Kistari cha kawaida ni "tiret du 6", kwa sababu kiko kwenye kitufe cha 6. Kile cha chini ni "tiret du 8". @ ni arobase, iko kwenye kitufe cha 0, unaipata kwa kushika AltGr. Anwani ya barua pepe ya wazee wengi ninaowahudumia inaishia "arobase wanadoo point fr". Wanadoo kama jina la intaneti ilimezwa na kampuni ya simu ya Orange mwaka 2006, lakini anwani zile zipo mpaka leo na wenyewe hawataki kusikia habari ya kubadilisha.

Bwana mmoja, nahodha wa zamani wa meli za mizigo, aliniambia paswedi yake imeibiwa. "Ça écrit n'importe quoi." Inaandika upuuzi. Akibonyeza A inatoka Q. Kompyuta haikuibiwa chochote. Vidole vimegusa Alt na Shift pamoja na kibodi ikahamia Kiingereza. Pembeni chini ya skrini paliandikwa ENG badala ya FRA. Nilimwonyesha, akakaa kimya, akasema amevuka bahari zote na leo ameshindwa na herufi ya kwanza ya alfabeti. Nilimwambia ile yangu: "C'est pas grave."

Televisheni ni sura ya peke yake, kwa sababu wanayemwona kila siku si mimi, ni televisheni. Ugonjwa wake mkuu ni kioo cheusi kilichoandikwa "Pas de signal", hakuna mawimbi. Mara nyingi kidole kimeteleza kwenye kitufe cha Source cha rimoti (kwa Kifaransa cha heshima rimoti ni la télécommande, nyumbani ni la zapette). "Vous êtes sur la mauvaise source, on va revenir." Uko kwenye chanzo kisicho chake, tutarudi. Mwisho wa habari.

Lakini mwezi wa sita mwaka 2025 nilifanya kazi ya nabii. Tarehe 6 namba za chaneli za TNT, ile televisheni ya antena isiyolipiwa, zilipangwa upya nchi nzima. France 4 ikahamia namba 4, chaneli ya bunge ikaenda 8, na za habari zikapangwa mfululizo: BFM TV 13, CNews 14, LCI 15, Franceinfo 16. Kabla ya hapo, mwisho wa Februari, C8 na NRJ12 zilikuwa zimezimwa kabisa kwenye antena. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu ambaye kidole chake kimebonyeza tarakimu zilezile miaka na miaka, nyumba imehamishwa usiku amelala. "J'ai perdu ma chaîne!" Nimepoteza chaneli yangu! Kila nyumba niliyoingia wiki ile. Nikapata sentensi moja nikaigeuza wimbo: "Il faut relancer la recherche des chaînes." Lazima tutafute chaneli upya. Menu, Installation, Recherche automatique, "et surtout, on n'éteint pas", na tusizime. Ile asilimia ikapanda polepole tukaitazama wote wawili tukinywa kahawa. Kisha nikaandika namba mpya kwa kalamu nene kwenye kadi na kuibandika pembeni ya televisheni. Nadhani hakuna wiki iliyonifundisha Kifaransa kingi kama ile, kwa kurudia tu.

Marseille ina maneno yake, na usipoyajua utaulizwa jambo usilielewe. Watu wa Paris kompyuta ikienda polepole wanasema "ça rame", inapiga makasia. Hapa wanasema pia "il est ensuqué", amelewa usingizi, neno la mtu aliyepigwa na jua la mchana. Kitu kilichokwama mahali ni "tanqué". CD ya muziki ndani ya redio, au ncha ya chaja iliyovunjikia ndani ya simu. Na kibodi iliyomwagikiwa jamu "elle pègue", inanata. Yote haya yanasemwa na lafudhi ya kusini, ambayo kwa sikio la Mswahili ni rehema, kwani hawamezi silabi za mwisho. Paris neno linakatwa shingo, hapa linatamkwa mpaka vokali yake ya mwisho, nasi watu wa vokali tunapumzika.

Simu ya mezani inakufa, na hili linawagusa wazee kuliko wanavyoambiwa. Waya za shaba zinafungwa mtaa kwa mtaa. Orange imepanga kuumaliza mtandao ule ifikapo 2030. Laini mpya za namna ile ya kale hazikuuzwa tena tangu 2018. Kwa hiyo simu iliyochomekwa kwenye ile soketi ya ukutani yenye umbo la T siku moja itanyamaza. Mzee atasema "Y a plus de tonalité", hakuna mlio. Ukitazama, faiba imeshaingia, ila simu bado iko ukutani. "Le téléphone, maintenant, ça se branche derrière la box." Simu sasa inachomekwa nyuma ya box. Na umwambie kwa upole kwamba umeme ukikatika, simu nayo imekatika. Kama ana kile kitufe cha shingoni cha kuita msaada, uliza kimeunganishwa wapi. Hilo siliachi.

Sasa wezi. Hapa sentensi ni fupi, na ninazisema kwa sauti isiyo na ulaini. "Raccrochez." Kata simu. "C'est une arnaque." Ni utapeli. "Le code, on le donne à personne. Même pas à moi." Msimbo hapewi mtu, hata mimi. Anayepiga hujitia mfanyakazi wa benki, sauti tamu, anajua jina lako, anataka ule msimbo uliotumwa kwa meseji. Au skrini ya kompyuta inajaa nyekundu na king'ora, na namba ya kupiga. Usipige. Shikilia kitufe cha Échap ukurasa urudi mdogo, ufunge. Ukurasa ukikataa kufungika, zima mashine kwa kitufe chake. Meseji za utapeli hupelekwa namba 33700, na tangu Desemba 2024 iko huduma ya serikali mtandaoni, 17Cyber, inayomwelekeza aliyeibiwa. Mzee anapoandika paswedi mimi nageuza uso dirishani na kusema "Tapez, je regarde pas." Andika, sitazami. Nalisema hata kama hajali. Najilinda mimi pia. Siku fedha zikipotea, mtu wa kwanza kutazamwa ni mgeni anayeingia na ufunguo.

Yapo yasiyotengenezeka kwa kuchomoa. Faiba imekatika barabarani, box imekufa. Hapo lazima kupiga simu kwa kampuni, na anayepokea si mtu. Ni roboti: "Dites en quelques mots le motif de votre appel." Sema kwa maneno machache sababu ya kupiga. Mimi nasema "Panne internet", intaneti imeharibika, kwa lafudhi ya Unguja. Inajibu kwamba haikuelewa ombi langu: "Je n'ai pas compris votre demande." Madame, mwenye nyumba, ananinyang'anya simu, anasema kwa lafudhi ya Marseille, kila silabi na haki yake. "Je n'ai pas compris votre demande." Mfaransa halisi, amezaliwa mitaa miwili kutoka hapa, na mashine ya Wafaransa haimwelewi. Tulicheka mpaka akahitaji maji. Siku hizi nasema neno moja tu, "conseiller", yaani mhudumu, nalirudia bila kuongeza kitu, mpaka mtu wa kweli anapatikana. Uwe na numéro de client, namba ya mteja, mkononi, iko juu ya bili, na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye laini, ambaye huenda bado kwenye karatasi ni marehemu mumewe.

Wakikubali kumtuma fundi, watakupa saa: "entre huit heures et midi", kati ya huit heures na adhuhuri. Hapo Mswahili awe macho. Huit heures ni saa mbili asubuhi, si saa nane. Saa nane yetu wao wanaiita quatorze heures. Mimi naandika kwenye kalenda ya jikoni kwa tarakimu zao, 8 hadi 12, kisha chini yake kwa penseli saa zetu, na Madame ameniuliza zile ndogo ni nini. Nikamweleza kwamba kwetu siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Akasema hiyo ina akili zaidi. Fundi alikuja saa sita kasorobo.